Jaisalmer: Ngome Inayoumizwa na Maji

Miongoni mwa ngome nilizowahi kuzizuru, hakuna iliyonifikirisha kama ile ya Jaisalmer, iliyoko katika jangwa la Thar, magharibi mwa India. Rawal Jaisal aliianzisha mwaka 1156 juu ya kilima, kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya manjano. Jua linapokuchwa, kuta zake hung'aa mithili ya dhahabu.

Nilipanda kupitia malango manne: Akhai, Suraj, Ganesh na Hawa. Jina la mwisho lilinisimamisha. "Hawa" kwa Kihindi ni upepo, na chimbuko lake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "hewa". Nikakumbuka pia "hundi": wafanyabiashara wa Rajasthan waliitumia kulipana pasi na kusafiri na mafungu ya fedha, nasi tunayo hadi leo katika kamusi zetu.

Hata hivyo, kilichobaki moyoni mwangu si maneno, bali maji. Jaisalmer si gofu. Ndani ya kuta zake wanaishi maelfu ya watu. Nguo zimeanikwa madirishani, na kengele za mahekalu husikika juu ya kelele za watoto. Uhai huo ndio fahari ya ngome, na ndimo ilimo hatari yake. Wahenga waliijenga kwa kuikadiria nchi kame. Maji yalitekwa katika ziwa la Gadisar, nje ya kuta, yakapandishwa kilimani mtungi kwa mtungi. Siku hizi huja kwa mabomba, na nyumba za wageni zimeongezeka. Yasipopata njia njema ya kutokea, hupenya ardhini. Udongo hulainika, kuta hupasuka, na baadhi ya buruji zimekwisha kuporomoka. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia, lakini heshima hiyo haizibi bomba linalovuja.

Wapo wanaoshauri wakazi wahamishwe ili mawe yapone. Siwezi kuafikiana nao. Ngome isiyo na watu itadumu kama lugha iliyobaki kamusini: safi, kamili, na bila wa kuitamka. Sisi tunaobishana kuhusu vina na mizani tunaijua hofu hiyo ya kwamba wanaokitumia Kiswahili kila siku ndio wanaokichakaza. Mimi naona mifereji ndiyo ya kutengenezwa, na watu wabaki kwao. Hapo juu ya kuta ndipo ubeti huu uliponijia:

Ngome ya mawe dhahabu, imesimama jangwani,
Majeshi yalijaribu, na bado i kilimani,
Leo maji ya karibu, yavujayo mabombani,
Ndiyo yanayoharibu, misingi ya udongoni.