Ng'ombe au Maziwa?

Mwanzoni mwa muhula uliopita mwalimu wetu alitutaka kila mmoja aandike masomo anayoyataka baada ya kidato cha nne. Mimi sikusita. Niliandika: Teknolojia ya Maziwa, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Aliponiuliza sababu nikajibu, "Kwa kuwa nawapenda ng'ombe, mwalimu."

Akatabasamu. "Basi kafikiri tena. Ng'ombe ana daktari wake. Somo hili huanza maziwa yakishatoka kiweleni."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi bwenini. Kwetu Nyandarua nimekamua tangu nikiwa na miaka 10, nami nilidhani kazi ni ile ile.

Likizo ya Agosti ilipofika, asubuhi moja nilipeleka maziwa ya mama, lita 12, kwenye kituo cha kupozea. Mpimaji akatumbukiza laktometa, akaona hayakutiwa maji. Kisha akachanganya maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho. Mara yakaganda mabonge, naye akayakataa yote. Niliona haya kama mwizi, maana fedha za maziwa ndizo karo yangu.

Nikamwuliza kwa adabu, "Kaka, tumekosa nini?"

Akauliza, "Mmechanganya ya jana jioni na ya leo? Na mtungi ni huu wa plastiki?"

"Ndiyo."

Akanieleza kuwa vijidudu hujificha katika mikwaruzo ya plastiki, na usiku maziwa yakiwa na joto huzaana upesi, hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Asidi tulikwisha kuisoma darasani, lakini sikujua kwamba ndiyo iliyomlia mama fedha zake.

Jioni ile tuliazima kwa shangazi mtungi wa alumini, tukausugua kwa maji ya moto, na usiku kucha tukauweka katika karai la maji baridi. Kesho yake maziwa yalipokewa. Mama hakusema neno. Alinitazama tu, akacheka.

Niliporudi shuleni nikaenda maktabani. Nikasoma kuwa maziwa yakipashwa moto wa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu viletavyo maradhi hufa ingawa maziwa hayajachemka. Jambo hilo lilinipendeza kuliko hata ndama mchanga. Hapo nikajijua.

Kaka yangu hakubali. Asema shahada ni miaka minne na wenye shahada wasio na kazi ni wengi. Hakusema uongo, wala mimi siwezi kumwahidi kazi. Tena kuingia chuo kikuu kwataka C+ kwa uchache, na alama zangu za kemia bado ni haba. Kwa hiyo nimeamua hivi: nitaomba Egerton kwanza, nisipofikia, nitaomba chuo cha mafunzo ya maziwa cha Naivasha, nikaanzie chini. Maziwa ni yale yale.

Ndugu msomaji, kabla hujaandika jina la kazi, uliza kwanza kazi yenyewe ni nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimekwisha kuinama juu ya kitabu cha kemia.