Ubao Wenye Bawaba

Nilipohamia Namuwongo, mtaa wa Kampala, kutoka Bukavu, Kongo, "wakati wa Mungu" lilikuwa jibu la kila jambo. Karo ikikosekana, kazi ikichelewa, akina mama wa kikundi chetu cha maombi walisema hivyo, kisha tukaimba. Mimi nilikuwa na wito. Mimi ni mwalimu kwa kusomea, na kila siku niliwaona watoto wakishinda kando ya reli, upande wa mtaa wetu uitwao Soweto, huku mama zao wamepanda kilima cha Muyenga kufua nguo kwenye majumba ya watu. Nilitaka kuanzisha chekechea. Nikaombewa, nikaambiwa subira yavuta heri, nikasubiri.

Kilichoanza kunigeuza ni bomoabomoa ya mwaka 2014. Vibanda vilivyojengwa karibu na reli vilivunjwa ili njia iwe wazi, na Desemba 2015 treni ya abiria ikaanza tena safari kati ya Kampala na Namanve. Kibanda nilichokuwa nimekilenga kilikwenda na vingine. Kikundini wapo waliosema hiyo ni ishara kwamba wito haukuwa wa kweli. Mama mmoja Mwacholi, mkubwa wetu kwa umri, aliyewahi kukimbia vita kaskazini, alikataa. "Mwalimu," aliniambia, "kilichobomolewa ni chumba. Wewe uliitiwa watoto, na watoto bado wako."

Tangu hapo nikapanga darasa linaloweza kuhama. Seremala alinikatia plaiwudi vipande viwili, akaviunga kwa bawaba, nikapaka rangi nyeusi. Ubao ukawa unakunjwa na kubebwa kichwani. Vitabu na chaki nikavitia kwenye ndoo yenye kifuniko, maana mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji huingia hadi mvunguni. Jioni nikawa najifunza Kiganda sokoni na Kiingereza kanisani. Hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja bado.

Mchungaji wetu alipenda kumtaja Dkt. Ian Clarke, mwanzilishi wa International Hospital Kampala, iliyo papa hapa Namuwongo. Alitoka Ireland ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980, akajenga hospitali Kiwoko, Luweero, baada ya vita. Akaugua saratani, akarudi kwao kutibiwa. Alipopona alirejea Uganda, na safari hii kazi yake ikaota mizizi Kampala. Nilichokishika katika habari ile ni kwamba mtu aweza kuitwa kweli, na bado asijue ataishia mtaa gani.

Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Mtaani kwetu wapo wavulana waliokwisha kuzoea kuokota vyuma chakavu, na wasichana waliokuwa tayari na watoto mgongoni. Hawakutaka kukaa dawati moja na wadogo zao. Hao ndio waliokuja kwangu, jioni, baada ya kazi. Chekechea niliyoiombea miaka yote haikuzaliwa. Lililozaliwa ni darasa la waliopitwa, na ubao, ndoo na Kiganda changu cha sokoni vyote vikapata kazi.

Sisemi Mungu alifunga shule ili mimi nipate wanafunzi. Nitamwambiaje hivyo msichana aliyepoteza miaka miwili? Ninachosema ni kwamba saa ilipofika, sikuwa natafuta chaki. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Ni kweli, lakini hakuna aliyesema kudura inaondoa jitihada.

Kikundi chetu bado kinaomba na kuimba, ila sasa kina daftari. Upande mmoja huandikwa ombi; upande wa pili, jina la atakayelifuatilia na siku ya kuleta majibu. Mwezi huu mwenye chumba cha darasa ametutaka tuhame. Ijumaa tunafunga na kuomba. Jumamosi asubuhi wawili wetu wanakwenda eneo la Kanyogoga kuangalia chumba kingine.