Motokari ya Jamaa Hupimwa na Jamaa

Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo tuliisikia tangu utoto wetu, tukaiandika shuleni mara nyingi. Na hata hivyo, siku moja ya mwaka 2023, ilikuwa karibu tuisahau kwa hasara kubwa. Twawasimulia habari hiyo bila kuficha aibu yetu, kwa maana twajua kwamba jamaa nyingi zinaweka akiba ili zinunue motokari, na akiba ya miaka mingi yaweza kupotea kwa saa moja.

Sisi tunaoandika ni mume na mke, wakaaji wa Lubumbashi. Tunao watoto watatu, na bibi yao akaa nasi. Magoti ya bibi yamechoka. Kupanda basi dogo la mjini ni mateso kwake, nasi hatuna budi kumpeleka kwa daktari mara mbili kila mwezi. Kwa miaka mitano baba aliweka kando sehemu ya mshahara wake, na mama sehemu ya faida ya cherehani yake. Tulipofikisha dola 6,000 tukaambiana: Sasa wakati umefika.

Ninyi mkaao Katanga mwajua jinsi mambo yalivyo. Wengi wetu hatununui motokari mpya. Twanunua zile zilizotumika kwanza Japani, zikashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, zikapita Tanzania na Zambia kwa safari ya karibu kilometa 2,000, zikaingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Hivyo mnunuzi hajui aliyeitumia motokari yake hapo mwanzo, wala jinsi alivyoitunza. Hana shahidi ila motokari yenyewe, na shahidi huyo lazima aulizwe vizuri.

Katika uwanja wa mchuuzi mmoja tuliona motokari nyeusi yenye milango minne. Iling'aa kama kioo. Saa yake ya kuhesabu kilometa ilionyesha 68,000 tu. Mchuuzi akamwambia baba: «Mzee, usichunguze mno. Mchagua jembe si mkulima. Kuna mwingine anakuja jioni na pesa mkononi.» Tuseme kweli: moyo wa baba ulikuwa umekwisha kukaa penye usukani. Baada ya wiki mbili ndugu yetu alikuwa anaoa, naye baba alijiona tayari anafika arusini, watu wote wakigeuza shingo. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika bahasha.

Ndipo mama akasema kwa upole: «Baba watoto, motokari hii si ya kwako peke yako. Bibi hajaipanda. Watoto hawajaipanda. Turudi kesho asubuhi pamoja nao, na pamoja na fundi.» Baba alikasirika kidogo, lakini akatoa mkono mfukoni bila bahasha.

Jirani yetu mmoja ni fundi mzee wa motokari. Usiku ule alitufundisha neno la kwanza: «Injini iwashwe ingali baridi. Injini yenye moto huficha ugonjwa wake.» Kesho yake tulifika saa moja asubuhi. Fundi hakusema neno. Aliweka kiganja chake juu ya kifuniko cha injini, akatutazama. Palikuwa na moto. Mchuuzi akasema kwamba waliiwasha mapema ili isitusumbue. Fundi akajibu kwamba sisi hatuna haraka, nasi tukaketi chini ya mwembe zaidi ya saa mbili, hata chuma kikapoa.

Ilipowashwa tena, moshi wa rangi ya samawati ukatoka nyuma. Fundi akatueleza maana ya moshi, nasi twawaeleza ninyi. Moshi wa samawati maana yake injini inaunguza mafuta yake ya kulainisha, imechakaa. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kupita kiasi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si kitu. Lakini ukiendelea kutoka mweupe na mzito hata injini ikiwa na moto, huenda maji yanaingia mahali pasipo pake, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa.

Kisha akatuonyesha kikanyagio cha breki. Mpira wake ulikuwa umelika hata chuma kuonekana. Akasema: «Saa ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma na mkono wa mtu. Mpira huu hauwezi kurudishwa. Je, kilometa 68,000 zaweza kuula namna hii?» Akainama penye gurudumu, akatusomea tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni mwa mpira: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mtu akisoma 1416, ajue kwamba mpira ule ulitengenezwa katika wiki ya 14 ya mwaka 2016, hata kama umepakwa dawa nyeusi ukang'aa. Tena mpira wa mbele ulikuwa umelika upande wa ndani tu. Alama ya kwamba magurudumu hayasimami sawa.

Hata hapo baba alikuwa bado na matumaini. Moyo unaopenda hutafuta udhuru. Akasema: «Tuiendeshe kwanza.» Basi tukapanda sote. Baba alishika usukani, fundi akakaa kando yake, mama na bibi na mtoto mdogo wakakaa nyuma. Wale wakubwa wawili walikuwa shuleni. Katika sanduku la nyuma tukatia mfuko wa unga wa kilo 50, kwa maana ndivyo tutakavyosafiri. Motokari yenye mtu mmoja na motokari yenye jamaa nzima si motokari moja.

Barabarani baba alifurahi. Usukani ulikuwa mwepesi, na redio iliimba vizuri. Fundi akaizima redio. Mara tukasikia. Kwa hakika, aliyesikia kwanza si baba wala fundi, bali ni bibi. Akasema: «Wanangu, kuna kitu kinalia chini ya miguu yangu.» Mama naye akasikia: kila tulipopita shimo, chuma kiligonga chuma. Anayeendesha hasikii yote; hukaa mbali na magurudumu ya nyuma, na furaha yake huziba masikio. Tulipofika penye matuta ya barabarani, tumbo la motokari likakwaruza chini, ingawa baba alipita polepole.

Kisha fundi akasema: «Punguza mwendo kwa breki, palipo sawa.» Baba akakanyaga. Motokari ikavuta upande wa kushoto. Nanyi mwajua kwamba Zambia na Tanzania huendesha upande wa kushoto, lakini sisi Wakongo twaendesha upande wa kuume. Kwetu, kuvutwa kushoto ni kuvutwa mbele ya wanaokuja. Na kweli, lori lenye kubeba madini lilikuwa linakuja. Lilikuwa bado mbali, na baba alirudisha usukani kwa wakati. Lakini katika kioo aliuona uso wa mama, amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Alitaka kumfunga mkanda, lakini kiti cha nyuma hakikuwa na mikanda, ilikuwa imekatwa. Tangu pale baba hakuwaza tena juu ya arusi.

Tuliporudi uwanjani, fundi akaomba ruhusa ya kuinua zulia pale bibi alipoweka miguu. Chini yake tuliona mstari wa kuchomelea uliokatiza sakafu toka mlango hata mlango. Motokari ile iliwahi kuvunjika, ikaunganishwa, ikapakwa rangi. Mchuuzi akasema hakuyajua hayo. Hatukugombana naye. Baba alimrudishia ufunguo, mkono wake ukitetemeka, nasi tukaenda kutafuta basi.

Arusini tulifika kwa basi, tukacheza kama wengine.

Miezi mitatu baadaye tulisikia habari za mwalimu mmoja aliyetaka kuuza Corolla yake ya rangi ya majivu. Mlango mmoja ulikuwa na mkwaruzo. Kabla hatujauliza kitu, mwalimu akasema: «Dirisha la nyuma la kushoto halishuki. Mashine ya baridi ilikufa mwaka jana. Breki nilizibadilisha.» Tukaipima kama tulivyofundishwa: injini baridi, redio kimya, mikono ikilegezwa kidogo palipo sawa ili tuone kama inakwenda yenyewe moja kwa moja, usukani ukizungushwa mpaka mwisho pande zote mbili ili tusikie kama inalia, na kilima kimoja tukiwa na mzigo. Mara hii tuliwachukua watoto wote watatu, na bibi akakaa mbele, magoti yake yamenyooka. Mikanda ilikuwepo. Tukalinganisha pia namba iliyochongwa katika chuma cha motokari na ile iliyoandikwa katika karatasi zake, tarakimu kwa tarakimu. Maana motokari nzuri yenye karatasi mbaya ni ya mtu mwingine. Tulilipa dola 4,700, na katika pesa iliyobaki tukanunua mipira minne.

Usukani wake nao uko kuume, kama nyingi za kwetu. Basi tumejiwekea sheria mbili. Baba hapiti lori mbele bila mtu wa kiti cha kushoto kumtazamia njia. Na watoto hushuka kwa mlango wa kuume tu, ulio upande wa ukingo. Mlango wa kushoto hufungukia motokari zinazopita.

Ndugu wasomaji, siku mtakapokwenda kununua, msikubali kuharakishwa. Mwuzaji anayesema «mwingine anakuja jioni» mwacheni huyo mwingine aje. Msiende peke yenu, na msimwachie fundi kazi yote. Wapandisheni wale watakaopanda kila siku, mkawasikilize, hata aliye mzee, hata aliye mdogo. Sisi tulikuwa na fundi mwenye akili na baba mwenye kujua kuendesha. Lakini waliotuokoa ni mke aliyesema «turudi kesho», na bibi asiyejua hata jina la chuma kimoja.