Hamasa Haikunirudisha

Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikijadili bajeti, uchaguzi na mwenendo wa utumishi wa umma. Leo naomba mnivumilie nizungumzie jambo linaloonekana kuwa la faragha: namna mtu anavyorudia mazoezi na ulaji bora baada ya kuviacha kwa muda mrefu. Nasema linaonekana, kwa sababu kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyoona kwamba limejaa siasa.

Kwa miaka sita mfululizo nilikuwa nikitembea kila alfajiri, na mara mbili kwa juma nikikimbia. Kisha mama alipatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukapooza. Miezi minane iliyofuata ilikuwa ya wodi na dawa, ya mazoezi ya viungo vyake yeye wala si vyangu, na ya kuamka usiku kumgeuza kitandani asipate vidonda. Nilikula kilichopatikana langoni mwa hospitali: chipsi mayai, maandazi na soda. Sijutii hata siku moja kati ya hizo. Aliyewahi kumuuguza mzazi anajua kwamba siku ina saa 24 tu, na kwamba mwili wa mlezi ndio fungu la kwanza kukatwa bajeti inapopungua.

Siku moja muuguzi aliyekuja kumpima mama shinikizo la damu alinipima na mimi. Namba ya juu ilikuwa 158, ya chini 98. Hakusema mengi. Alikitazama kitanda, kisha akanitazama mimi. Mama aliishi na shinikizo hilo kwa miaka mingi pasipo kujua, maana ni maradhi yasiyouma mpaka siku yanapoangusha mtu.

Ungedhani hofu ya namna ile ingenitoa nje kesho yake. Haikunitoa. Hata mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani na dada yangu akaja kunipokea zamu, niliendelea kuamka alfajiri, nikavitazama viatu, nikafungua kompyuta. Marafiki wakanishauri nitafute hamasa. Mwanafunzi wangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinitumia hotuba ya mmoja wa wale wanenaji wanaolipisha kiingilio ili kuwaambia watu kwamba umaskini umo vichwani mwao. Niliisikiliza yote. Kiini chake kilikuwa kwamba asiyefanya mazoezi hajitaki.

Hapo ndipo nilipoyatambua maneno hayo, kwa kuwa nayafahamu kutoka majukwaa mengine. Mkulima akikosa mavuno huitwa mvivu kabla hajaulizwa kama mbolea ilifika kwa wakati. Kijana akikosa ajira huambiwa hana uthubutu. Mtumishi akinenepa, amezembea. Kila mara kasoro hutafutwa ndani ya mtu, na mazingira yanayomzunguka huachwa yapite bila kuulizwa swali. Lugha ya hamasa ina manufaa kwa wenye mamlaka kwa sababu ni rahisi kuliko vitu vyote: haihitaji njia ya waenda kwa miguu, wala uwanja, wala saa za kazi zenye kikomo.

Na mazingira yangu, nikiri, yalikuwa yakinipongeza. Kazini niliambiwa nimenawiri. Mmoja alisema mshahara umenikubali. Siwacheki wenzangu, kwa sababu sifa hizo zina historia. Sisi ni watu wa nchi ambayo wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka takriban ishirini baada ya hapo, kukonda kulikuwa habari iliyosemwa kwa kunong'ona. Aliyezika ndugu katika miaka ile hawezi kupokea wembamba wa mwanawe kwa furaha. Nilipoanza kupungua, mama yangu, kwa mdomo wake uliopinda, aliniuliza kama naumwa na namficha. Ilinichukua siku mbili kumtuliza. Kampeni yoyote ya afya isiyoijua hofu hiyo itahubiri hewani.

Kisha kuna chai ya semina. Watumishi mnaonisoma mnaijua: saa nne asubuhi, sambusa, chapati, maandazi, soseji, na chai iliyokwisha kutiwa sukari kwenye chupa, hata asiyeitaka hana pa kuikwepa. Nimewahi kuhudhuria kikao cha siku tatu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, nacho kikawa na mapumziko ya soda mara mbili kwa siku. Anayekataa huonekana anajidai. Matunda, kama yapo, huja mwisho, vipande viwili vya tikiti kando ya bakuli la pilau.

Kilichonirudisha ni jirani, mzee mmoja mwalimu mstaafu. Hakunihubiria. Saa kumi na moja na nusu alfajiri aligonga geti. Nilipofungua nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba. Tunapita, Mwalimu," kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kuamuliwa. Nyuma yake walikuwapo dereva wa bajaji, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, na mama lishe ambaye wengi wetu hula kwake mchana. Ningewezaje kumwambia mzee wa miaka 71 kwamba sina hamasa? Nilivaa viatu.

Siku ya kwanza nilitembea dakika ishirini, nikageuza. Hakuna aliyesema neno. Leo tunafuata barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge kuelekea Ubungo, tukigeuza kabla magari hayajajaa na bodaboda hazijapanda njia ya waenda kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Nusu saa kwa siku tano inazitimiza, bila ada ya ukumbi wenye vioo. Chakula nacho kilibadilika kwa njia hiyo hiyo ya pamoja. Mama lishe alianza kutupakulia ugali wa dona badala ya sembe, akaongeza mchicha na kunde, akapunguza mafuta. Bei haikupanda. Hatukula kitu chochote ambacho bibi zetu wasingekitambua.

Jambo hili si jipya nchini. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sizitamani zama zile kwa ujumla wake. Ndiyo miaka ambayo watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wengine nyumba zao zikachomwa. Lakini waliobuni kampeni zile walielewa jambo ambalo wanenaji wa leo hawalielewi: kikundi chenye siku yake, mahali pake na kiongozi anayefahamika hakimsubiri mtu ajisikie vizuri ndipo aje. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo jema, ila siku moja katika mwezi haijengi mazoea, na fulana za bonanza si mbadala wa mahali pa kukimbilia siku zilizobaki.

Nasi mahali petu panatetereka. Hukutana kwenye kiwanja cha wazi cha mtaa, ambacho jioni watoto huchezea mpira. Wiki mbili zilizopita tulikuta bikoni zimesimikwa kwenye pembe zake nne. Hakuna tangazo lililobandikwa, na tulipouliza ofisi ya mtaa tuliambiwa suala linafuatiliwa. Sasa tuko kumi na mmoja. Mzee ameandika barua ya kuomba kuona ramani ya mipango miji, sote tumetia saini, na dereva wa bajaji ameipeleka mwenyewe na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Tutafika tukitokea matembezini.