Kawia Ufike: Somo la Usukani Katika Milima ya Gusii

Ikiwa unawaza mahali pa kuwapeleka watoto likizo hii, usidhani kila safari sharti iishie baharini au katika mbuga ya wanyama. Amka alfajiri, ondoka jijini Nairobi, teremka Mai Mahiu, ukate nyanda za Narok, upite Bomet na Sotik, na kabla ya jua kuinama utakuwa umeingia nchi ya Abagusii. Ni mwendo wa yapata kilomita 300.

Utajua umefika kwa macho yako mwenyewe. Ukishapita Chepilat, majani chai yanakaribia lami pande zote mbili kama mkeka wa kijani, migomba inasimama nyuma ya kila nyumba, na barabara inaanza kupanda na kushuka bila kupumzika. Utafika Keroka, mji wa soko ambao upande mmoja ni Kaunti ya Kisii na upande wa pili ni Nyamira. Simama hapo unyooshe miguu, uwanunulie watoto ndizi mbivu. Ukiwa ni asubuhi, msalimu mama muuzaji kwa kumwambia "Bwakire buya", na utaona uso wake ukichanua. Tena usishangae ukimsikia mtoto akimwita mamake "baba". Katika Ekegusii, baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa "tata". Wanangu walicheka jambo hilo hadi tukafika Kisii mjini.

Ziko sifa nyingi za kukupeleka huko. Kuna mawe laini ya Tabaka yanayochongwa vinyago na kusafirishwa hadi ng'ambo. Kuna ukingo wa Manga, ambako ukisimama unaiona nchi yote imetandazwa chini yako. Kuna ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Lakini leo sitakueleza sana hayo. Nataka kukupeleka kwenye uwanja mmoja wa shule ya msingi upande wa Nyamira, ambako nilifunzwa jambo nililodhani nalijua kwa miaka ishirini.

Nchi isiyo na mahali pa kukosea

Kwanza ielewe nchi yenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na wengi wao ni wakulima. Shamba la mtu linaishia pale barabara inapoanzia. Hakuna nyika, hakuna kiwanja kisicho na mwenyewe. Watoto wa shule, ng'ombe, mama aliyejitwika kapu la majani chai, mkokoteni, lori la kiwanda cha chai na matatu iliyochelewa, wote hukutana kwenye utepe huo huo mwembamba wa lami ama wa murram.

Ongeza mteremko. Ongeza mvua, ambayo milima hii huipokea karibu mwaka mzima, na aghalabu hunyesha alasiri wanafunzi wanapotoka shule. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Kisha ongeza pikipiki. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi ambapo abiria walivushwa kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo. Mwaka 2008 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zimeenea hadi kwenye vilima ambavyo matatu haijapata kuvifikia. Ni baraka, maana mama mjamzito hafi tena njiani akisubiri gari lisilokuja. Lakini pia ni chombo ambacho barubaru wa miaka 14 anaweza kukiwasha babake akiwa amelala.

Hapo ndipo ulipo msiba. Sheria haimpi mtu leseni ya gari kabla ya kutimiza miaka 18. Kijijini kijana hutumwa na pikipiki dukani, ama kwenye kituo cha majani chai, miaka mingi kabla ya siku hiyo. Anajifunzia wapi? Anajifunzia barabarani, mbele ya lori.

Vigogo vya migomba

Mwenyeji wetu, ambaye ni shemeji yangu, alituambia, "Kesho mchana nitawapeleka mkaone shule ya mzee." Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilimwuliza kwa nini si Jumamosi, naye akacheka. Jumamosi Waadventista, ambao ni wengi huku, wako kanisani. Jumapili asubuhi Wakatoliki nao wako misani. Basi saa nane mchana wa Jumapili ndiyo saa pekee ambayo vijana wote wa kijiji wanaweza kuwa mahali pamoja.

Tulimkuta mzee mmoja wa makamo ya miaka sabini, amevaa koti na kofia, vijana wote wakimwita "omogaka", yaani mzee mwenye heshima. Aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha akastaafu akarudi nyumbani. Pamoja naye walikuwa muuguzi mmoja wa zahanati na mwendeshaji bodaboda mwenye leseni. Hakuna anayelipwa hata senti. Mwalimu mkuu aliwaruhusu kutumia uwanja, na pikapu kuukuu ni ya mzee mwenyewe. Mafuta wazazi huchanga.

Mijini shule za udereva hutumia vigingi vya plastiki. Hapa walitumia vigogo vya migomba. Walikuwa wamevikata urefu wa kiuno na kuvisimamisha mistari miwili kwenye nyasi. Kigogo kimoja, kilichosimama peke yake mwishoni, kilikuwa kimevishwa sweta la shule.

"Yule ni mtoto," omogaka aliwaambia vijana. "Amefuata mpira wake. Haangalii gari. Kuangalia ni kazi yako wewe."

Niliuliza kwa nini hawasubiri mvua ipite, maana mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa Manga. Mzee akanitazama. "Mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu, "hiyo mvua ndiyo tunayoingoja."

Kile ambacho mtihani hauulizi

Wewe uliyesomea udereva Kenya utakumbuka ule ubao wa mji wa mfano, na kigari kidogo unachokisukuma kwa kidole ukieleza utakavyoingia kwenye mzunguko. Ni somo jema, na alama za barabarani ni lazima zijulikane. Lakini ubao hauna mteremko, wala mvua hainyeshi juu yake. Kijana anaweza kuujua wote kwa moyo na asijue gari hufanya nini magurudumu yanapoacha kushika ardhi.

Haya ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu siku hiyo. Yakate uyabandike jikoni.

Kwanza, macho. Dereva mchanga hutazama kitu anachokiogopa, na mikono hufuata macho. Tazama mahali unapotaka kupita, si mti usiotaka kuugonga.

Pili, nafasi. Gari la mbele likipita mlingoti, hesabu polepole, "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiufikia mlingoti kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne.

Tatu, mwendo. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kufunga breki hauongezeki maradufu; huwa mara nne. Kwa kilomita 30 tu kwa saa gari hula zaidi ya mita 8 kila sekunde, na yapata sekunde nzima hupita kabla ya mguu wako kuigusa breki.

Nne, mteremko. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilizuie gari. Anayekalia breki kutoka juu hadi chini huzichoma, na akifika kwenye kona zitakuwa zimelegea.

Tano, kuteleza. Magurudumu ya gari la zamani yakijifunga kwa breki, usukani haufanyi kazi. Legeza kidogo yazunguke tena, kisha ukanyage upya. Gari la kisasa lenye breki za ABS hufanya hivyo lenyewe. Wewe kanyaga kwa nguvu, usiachie, na uendelee kuongoza. Kwa pikipiki, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiikaba ghafla kwenye murram utaanguka. Tumia zote mbili, taratibu, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Muuguzi naye alikuwa na zamu yake. Aliwaonyesha jinsi ya kukandamiza jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi, na kwa nini majeruhi hapaswi kuburutwa na kutupwa ndani ya pikapu kama gunia, isipokuwa pana moto au hatari nyingine. Shingo iliyoumia yaweza kuvunjwa na wasaidizi wenye huruma. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limekuwa likiwapa waendeshaji bodaboda mafunzo kama hayo, maana wao ndio hufika kwanza ajali inapotokea.

Mwendeshaji bodaboda alimaliza kwa sheria: abiria mmoja tu, kofia ngumu kwa wote wawili, na mshipi wake ufungwe kidevuni. "Ukiivaa mkononi," alisema, "itaokoa kiwiko."

Zamu yangu

Mvua ikaanza. Vijana walipanda pikapu mmoja mmoja, mzee akiwa kando yao na mkono wake karibu na hendibreki. Kila mmoja alielekea kwenye vigogo, na mzee alipopiga kelele "Mtoto!", alipaswa kusimama kabla ya sweta. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama akabakiza hatua tatu. Mwanangu wa miaka 17 aliserereka mara ya kwanza, akalegeza breki, akakwepa. Mara ya pili alisimama.

Kisha omogaka akanigeukia. "Na wewe, tata yao?"

Nilicheka. Nina leseni tangu ujana wangu, na nilikuwa nimewaleta watu watano kutoka Nairobi asubuhi ya jana bila mkwaruzo. Niliingia, nikaongeza mwendo kidogo ili vijana waone. Mzee akaita. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na kuushikilia mguu pale pale, pikapu ikateleza kama mtumbwi, na nikakipiga kile kigogo kikalala chini ya bampa.

Hakuna aliyecheka. Mwanangu alishuka, akakiinua, akalinyoosha sweta lenye matope. Niliketi pale mikono ikinitetemeka. Nilikuwa nikifikiri juu ya kilomita 300 za kurudi nyumbani, na watoto wangu wanaosinzia kiti cha nyuma wakiniamini.

Mzee hakunisuta. Aliniuliza tu, "Tangu upate leseni, nani amekufundisha tena?" Nilimjibu kweli: hakuna. Ndipo, sote tukijikinga mvua kwenye baraza la darasa, akatueleza kwa nini alianza. Alikuwa na mjukuu. Jioni moja alitumwa kituoni na pikipiki, mvua ilikuwa imenyesha, na hakurudi. "Niliendesha lori hadi Kampala na Kigali," alisema, "sikupata hata siku moja ya kumwonyesha mjukuu wangu breki."

Ya kurudi nayo nyumbani

Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si malaria, wala UKIMWI. Hata hivyo tunazichukulia ajali kama mapenzi ya Mungu, na kwenye matanga tunaambiana kwamba ajali haina kinga. Wahenga hao hao walisema samaki mkunje angali mbichi. Tumechagua methali inayotupumzisha.

Serikali imefanya sehemu yake. Mwaka 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilianza kudai mishipi na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu, na abiria walishangilia. Lakini sheria haiwezi kuketi kando ya kila kijana. Huko Marekani wanachama wa vilabu vya magari hujitolea kuwafunza barubaru kwenye maegesho yaliyomwagiwa maji, kila kijana akitumia gari la kwao. Nyamira maji hutoka mbinguni, na vigingi hutoka shambani. Hivyo haihitaji utajiri kuanzisha shule ya namna hii.

Wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi, ulizeni katika mtaa wenu. Hakosi dereva mstaafu, hakosi muuguzi, hakosi mwalimu mkuu mwenye uwanja. Lakini masomo yabaki uwanjani. Barabarani mwanafunzi aende tu akiwa ametimiza umri, ana kibali cha kujifunza, amebandika alama ya "L", na kando yake ameketi dereva mwenye leseni.

Tuliondoka Kisii Jumanne. Kabla ya mteremko wa kwanza mwanangu alinikumbusha gia. Zamani ningemwambia anyamaze. Safari hii niliitii sauti yake, na nyuma ya kila lori nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Tulifika Nairobi usiku, tumechelewa kwa saa mbili, sote watano. Kawia ufike, msomaji.