Land Rover za Thika na Masikio ya Mafundi wa Ruiru

Kenya ilipoanza kuunganisha magari kwa wingi katika miaka ya 1970, viwanda vikubwa vilikuwa vitatu: kimoja Mombasa, kingine Nairobi, na cha tatu Thika. Cha Thika kiliitwa Leyland Kenya, na baadaye kikawa Kenya Vehicle Manufacturers, au KVM kwa ufupi. Humo zilitoka Land Rover zilizokwenda kwa polisi, kwa maofisa wa tarafa, kwa mabwana mifugo, na kwa mashamba ya kahawa yaliyoizunguka Ruiru kabla ya mitaa ya ghorofa kuyameza. Zilipochakaa hazikwenda mbali. Ziliuzwa kwa mnada, zikanunuliwa na wakulima na wachuuzi wa mboga, zikaishia kwenye gereji za chini ya miti kando ya barabara ya Thika. Katika gereji mojawapo, mwandishi wa kumbukumbu hii alipelekwa akiwa kijana ili ajifunze kazi.

Fundi mkuu wa hapo alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, na ndiyo iliyokuwa chombo chake cha uchunguzi. Ncha aliigusisha kwenye chuma cha injini inayonguruma, mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Chuma husafirisha mlio vizuri kuliko hewa, kwa hiyo akihamisha ncha kutoka kifuniko cha tapeti hadi ubavuni mwa bloku, kisha chini kwenye sampu, aliweza kusema kelele ilikuwa inatoka orofa gani ya injini.

Lakini bisibisi ilikuja baadaye. Kwanza yalikuja maswali.

“Mzee, hii Landrova inagonga,” mkulima angesema.

“Inagonga ikiwa baridi ama ikishapata moto? Ukipanda mlima, ama ukiachilia mafuta?”

Mwenye gari aliyejibu vizuri alikuwa amefanya nusu ya kazi. Pistoni iliyolika hugonga ukuta wa silinda alfajiri, kisha hutulia inapopanuka kwa joto. Beringi za konrodi hufanya kinyume: hujificha wakati oili bado nzito, hujitokeza oili inapokuwa nyepesi, na mlio huwa mzito, wa chini, unaosikika zaidi dereva anapoachilia mafuta. Cheni iliyolegea hukwaruza gari linapowashwa, kisha hunyamaza presha ya oili inapofika kwenye kikazio chake. Na manifoldi ya ekzosi iliyopata ufa hutoa tiki-tiki inayofanana sana na tapeti, ila ufa hujiziba kidogo chuma kinapopata joto. Wangapi wamefunguliwa injini nzima kwa sababu ya ufa huo! Ndiyo maana fundi yule alipenda gari lilale kwake usiku kucha, ili aliwashe mwenyewe asubuhi likiwa baridi kabisa.

Mdundo nao ulihesabiwa. Kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenkishafti. Injini ikiwa inanguruma taratibu, mizunguko 800 kwa dakika, kila tapeti hugonga mara 400 tu. Mlio wa haraka mara mbili ya huo hutoka chini, kwenye krenkishafti na beringi zake, na huko ndiko kwenye hasara. Kijana alifundishwa kuugonga mdundo kwa kidole kwenye bawa la gari hadi atofautishe mmoja na mwingine bila kufikiri.

Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyobeba Land Rover nyingi za enzi hiyo, ilikuwa mwalimu mzuri kwa sababu ilisamehe. Tapeti zake ziliachiwa nafasi ya milimita 0.25, na nafasi hiyo ilipimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma. Fundi aliwafundisha wanafunzi wake kanuni ya tisa, ambayo hata kitabu cha gari chenyewe kiliifuata: vali ziko 8; vali ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1; ikifunguka ya 6, rekebisha ya 3; ikifunguka ya 4, rekebisha ya 5. Jumla ni 9 kila mara. Kwa mtoto aliyeichukia hesabu darasani, kuiona ikifanya kazi katika mikono yenye grisi kulikuwa furaha ya kweli.

Kisha kulikuwa na mtihani wa kuinyima silinda moja kazi. Kwenye petroli unachomoa waya wa plagi moja huku injini inanguruma. Kwenye dizeli za zamani unalegeza nati ya bomba la noso ya silinda hiyo. Kugonga kukipungua ghafla, beringi ya silinda hiyo imejitaja. Kusipobadilika, tafuta kwingine. Na kwingine kulikuwa kwingi, maana gari la kuendesha magurudumu yote manne lina giaboksi mbili, shafti mbili za kuzungusha na difu mbili. Giaboksi za Land Rover za zamani hulia hata zikiwa nzima. Anayetafuta ugonjwa bila kujua sauti ya afya hupotea njia mapema.

Mabadiliko yalikuja kwa pande mbili, kwenye barabara na ndani ya magari yenyewe.

Kwa upande wa magari, cheni ya injini ya zamani ilipokewa na mkanda katika dizeli za baadaye, na mkanda haukwaruzi kabla ya kukatika. Mwaka 1998 Defender ikapata Td5, injini ya silinda 5 ambayo kompyuta ndiyo inayoamua noso ipige lini na kiasi gani. Tapeti zake hujirekebisha kwa presha ya oili. Fila geji haina kazi hapo. Wakati huohuo magari ya mtumba kutoka Japani yalijaa Ruiru. Marekani ilikwisha kulazimisha tundu moja la uchunguzi kwa magari yote madogo kuanzia toleo la 1996, Ulaya ikafuata kwa petroli mwaka 2001, na muda si mrefu vijana wa gereji walikuwa na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kikizungumza na simu zao.

Kifaa hicho ni msaada mkubwa, na mwandishi haoni sababu ya kukibeza. Kikionyesha kodi, yaani msimbo wa hitilafu, P0301, silinda ya kwanza inakosa kuwaka, na saa nzima ya kubahatisha imeokolewa. Lakini hakisemi kama kosa ni plagi, koili au vali iliyoungua. Kosa la usomaji linalomuumiza mwandishi zaidi ni lile la P0325. Vijana husoma maneno “sensa ya kugonga” wakamwambia mteja kwamba injini yake inagonga, aanze kutafuta pesa za injini nyingine. Kodi hiyo inasema kitu tofauti kabisa: saketi ya sensa ina hitilafu. Huenda ni waya uliokatika.

Sensa yenyewe ni kipande cha fuwele kilichofungwa kwenye bloku ili kunasa mtetemo wa mafuta yanayolipuka kwa fujo ndani ya silinda. Katika injini nyingi za ukubwa wa kawaida mtetemo huo huwa juu kuliko hata noti ya juu kabisa ya piano, mara 6,000 hadi 7,000 kwa sekunde, na kompyuta ikiusikia hurudisha nyuma wakati wa kuwasha. Sensa haikutengenezwa isikilize beringi ya konrodi inayokufa. Gari linaweza kufika gereji likibisha kama mlango, na simu ikaandika kwamba hakuna hitilafu yoyote.

Barabara nayo ilibadilika. Ujenzi wa barabara kuu ya Thika ulianza 2009, na Rais Mwai Kibaki akaizindua Novemba 2012. Gereji nyingi za pembeni ziliondolewa, zikahamia ndani, kati ya mashine za kuchomelea vyuma na spika za matatu. Ukimya, ambao hakuna aliyewahi kuulipia, ukaisha. Wateja sasa hurekodi mlio nyumbani na kuutuma kwa WhatsApp. Unasaidia kujua mdundo, lakini simu nyingi zimetengenezwa zihifadhi sauti ya mtu na kupunguza mngurumo wa nyuma, na mngurumo ndio anaoutafuta fundi. Mafundi wanaojali huomba gari liletwe kabla jua halijapanda. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kusoma kodi vingefanya vyema kutenga pia chumba kimoja kimya, chenye injini kadhaa zilizoharibiwa kwa makusudi, kila moja kwa namna yake.

Mwaka 2016 mambo mawili yalitokea. Januari, Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza. Desemba, kule Thika, KVM ilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Kisha mwaka 2024 mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yakaanza kuunganishwa katika kiwanda hichohicho. Ndani ya mabasi hayo hakuna injini yenye pistoni, tapeti wala konrodi. Zimebaki beringi za mota na za magurudumu, na kwa kuwa hakuna injini ya kuzifunika, uvumi wake husikika mapema zaidi kuliko kwenye basi la dizeli. Dereva anayeusikia aendeshe kwa mwendo usiobadilika, mahali palipo wazi, ayumbishe usukani taratibu kushoto na kulia. Uvumi ukipanda anapokata kushoto, gurudumu la kulia ndilo la kuinuliwa kwa jeki kwanza, maana uzito umelalia upande huo.