Kutoka Kilindini Hadi Malaba: Njia ya Shehena Zetu

Mkulima wa Kitale au Bungoma anunuapo gunia la mbolea hulalamikia bei, na lawama humwangukia mwenye duka. Lakini mwenye duka ni mtu wa mwisho tu katika msafara mrefu wa watu walioishika mbolea ile. Basi yafaa, ndugu msomaji, tuifuate njia ya shehena tangu baharini hadi mpaka wa Uganda, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, tupate kuona fedha zetu huachwa wapi.

Safari huanza Kilindini, mahali palipopewa jina kwa sababu ya kina chake. Msafiri aliye katika kivuko cha Likoni huziona meli kubwa zikipita karibu naye kuelekea gatini. Zamani makuli walibeba magunia kwa migongo yao. Siku hizi bidhaa nyingi huja katika makasha ya chuma, na winchi hulinyanyua kasha moja kwa dakika chache. Kazi ya winchi ni ya haraka. Kazi ya hati ndiyo ndefu. Kasha hungoja wakala, karani wa forodha na mkaguzi, na siku za bure zikiisha, ada ya kulihifadhi huanza kuhesabiwa.

Kutoka hapo njia ni mbili, reli na barabara. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Upana wake ni mita moja. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Gari moshi lake la kwanza la mizigo, lililoondoka Mombasa mwezi wa Januari 2018, lilichukua makasha 104. Lori moja huchukua kasha kubwa moja au madogo mawili. Kwa hiyo gari moshi lile lilifanya kazi ya malori zaidi ya hamsini.

Hata hivyo, faida ya mmoja yaweza kuwa hasara ya mwingine. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza shehena za kwenda bara zipelekwe kwa reli, miji ya barabarani kama Mariakani na Mtito Andei ilipatwa na taabu, kwa maana mama muuza chakula, fundi wa magurudumu na mwenye nyumba ya wageni wote huishi kwa madereva. Huko Mombasa watu waliandamana. Tena kasha lililoshushwa Embakasi lilihitaji lori la kulifikisha ghalani, hata mwenye mali akalipa reli na lori pia. Mwaka 2022 agizo hilo liliondolewa.

Barabarani nako kuna vituo vyake. Mariakani kuna mizani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori, pamoja na mzigo wake, kupita tani 56. Wako madereva wanaoiona mizani kuwa adui. Lakini wahandisi wanatufundisha kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara ya barabara huongezeka karibu mara 16. Tajiri mmoja azidishapo mzigo ili apate faida, mashimo anayoyaacha huzibwa kwa kodi ya watu wote.

Mwaka 2019 reli mpya ilipita Bonde la Ufa hadi karibu na Naivasha, ikaishia hapo. Mabehewa yake hayawezi kupita juu ya reli nyembamba, kwa hiyo shehena ya Uganda ililazimika kuhamishwa, kasha baada ya kasha, kutoka behewa hadi behewa au lori. Kila kuhamisha ni winchi, ni mtu, ni siku, nazo zote hulipwa.

Mwisho ni Malaba. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walipimwa afya hapo kabla ya kuvuka, na malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakilala chini ya magari yao. Barabara haikuwa imeharibika, wala mafuta hayakuwa yamekwisha. Kilichokuwa kikingojewa ni karatasi ya majibu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, si umbali peke yake upandishao bei. Gharama hukua pale mzigo usimamapo: gatini, penye mizani, penye kubadili behewa, na mpakani. Tena makasha mengi hurudi Mombasa matupu, kwani twanunua ng'ambo kuliko tunavyouza, na nauli ya kasha tupu huongezwa juu ya bei ya mbolea ile ile. Chama cha ushirika kinachokusanya mazao ya wanachama na kujaza kasha zima humpa mwenye lori mzigo wa kurudi nao, na mwenye mzigo wa kurudi nao aweza kupunguza nauli. Nasi makarani tukumbuke kwamba hati inayolala mezani mwetu ni lori lililosimama, na gharama ya kusimama kwake humfikia mkulima.